Land Rover ya baba mkubwa iliyolala chini ya mwembe Kamanga

UKIWA Mwanza mjini na una safari ya Kamanga, huna haja ya kuuliza njia mara mbili. Unashuka hadi ufukweni, jirani na lile Jiwe la Bismarck ambalo kila mgeni hulipiga picha, unakata tiketi, kisha unasubiri pamoja na kina mama wenye ndoo za samaki, wanafunzi, bodaboda na malori yaliyobeba saruji. Magari yanapangwa ubavu kwa ubavu, abiria wanajipenyeza katikati. Kama nusu saa hivi juu ya maji, na unakanyaga ardhi ya Wilaya ya Sengerema.

Tangu Juni 2025, Daraja la John Pombe Magufuli lilipofunguliwa kati ya Kigongo upande wa Misungwi na Busisi upande wa Sengerema, watu wengi wa Geita na Bukoba wanapita juu ya ziwa kwa dakika chache tu. Lakini mtu wa Kamanga mwenye shida ya mjini bado anatazama maji. Mji anauona kwa macho, majengo na mawe yake yote, ng'ambo pale. Kwake, kuzunguka mpaka darajani ni kuufuata mkono wa kulia kwa kupitia kisogoni.

Safari yangu ya mwezi uliopita haikuwa ya matembezi. Nilitumwa na ukoo. Baba mkubwa alifariki miaka mitatu iliyopita, na katika vitu alivyoacha, kimoja kilikuwa kimeanza kututenganisha: Land Rover 109 ya zamani, rangi ya kijani iliyopauka, iliyoegeshwa chini ya mwembe nyuma ya nyumba kwa zaidi ya miaka kumi. Mnunuzi kutoka Arusha alikuwa ameiona picha yake kwenye simu ya kijana mmoja, akapiga kutaka kuja kuiona. Mtoto mkubwa wa marehemu, anayeishi Dar es Salaam, akasema gari la baba haliuzwi. Wadogo zake wakagawanyika. Mimi nikaambiwa, "Wewe nenda ukaone, halafu utuambie."

Gari lenyewe

Nilifika saa nne asubuhi. Mama mkubwa alikuwa uani anaanika michembe juu ya turubai. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia na kuuliza habari za watoto mmoja mmoja kwa majina, kama kawaida yake, hadi akamaliza. Ndipo akanionyesha mwembe kwa kidevu. "Mgonjwa wenu yule pale."

Sikuwa nimeiona kwa muda mrefu. Tairi zote nne zilikuwa zimekaa chini, nyasi zimepita katikati ya bampa na radieta. Kioo kimoja cha nyuma hakipo. Kwenye kiti cha dereva alikuwa amelala kuku juu ya mayai, na aliniangalia kwa namna ya mwenye nyumba anayeangalia mpangaji mpya. Lakini bodi, msomaji, bodi ilikuwa nzima. Imebonyea hapa na pale, ila kutu hakuna.

Nilikuwa nimeongozana na fundi mmoja wa Mwanza, mzee aliyezeeka na magari haya. Aliinama, akapapasa mlango, akanieleza. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa umma mwaka 1948, huko Amsterdam. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma cha pua kilikuwa kinatolewa kwa mgawo, lakini mchanganyiko wa alumini ulikuwa unapatikana. Wakaunda bodi kwa alumini. Walifanya hivyo kwa sababu ya dhiki, na dhiki hiyo ndiyo imefanya magari hayo yadumu sehemu zenye mvua na unyevunyevu kama huku kwetu. "Bodi haili kutu," alisema fundi, "ila usishangilie mapema. Chasisi ni ya chuma. Ukinunua Land Rover usiangalie juu, ingia chini." Akaingia chini kweli, na shati lake jeupe.

Namba 109 ni urefu kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma kwa inchi. Ya baba mkubwa ni ya toleo la tatu, lililotengenezwa kuanzia mwaka 1971. Fundi aliitambua kwa vitu viwili: taa za mbele ziko kwenye mabawa, wakati matoleo ya awali zilikaa katikati karibu na radieta, na grili yake ni ya plastiki, wakati zile za nyuma yake zilikuwa na wavu wa chuma ambao watu porini waliwahi kuuchomoa wakachomea nyama. Injini ni ya petroli, lita mbili na robo. Si gari la mbio. Ukipata kilomita 80 kwa saa unamshukuru Mungu, na pampu ya mafuta inakujua kwa jina.

Kwa nini mtu alipe pesa kwa gari bovu

Swali ambalo mama mkubwa aliniuliza ndilo ambalo hata mimi nilikuwa nalo: huyu mtu wa Arusha anataka nini? Mwaka juzi mnunuzi wa vyuma chakavu alipita akataja laki tisa kwa gari zima. Huyu wa Arusha, kabla hata hajalishika, ametaja milioni saba. Gari ni lile lile, na halijatembea hata hatua moja katikati ya bei hizo mbili.

Kupenda magari ya zamani ni jambo kubwa duniani, na Marekani ndiko lilikoota mizizi zaidi. Huko wanatafuta yale magari ya miaka ya 1960 yenye injini kubwa ya silinda nane na mngurumo wa radi: Pontiac GTO, Dodge Charger, na zaidi ya yote Ford Mustang. Mustang ilizinduliwa Aprili 1964, na ndani ya mwaka wake wa kwanza yaliuzwa magari zaidi ya 400,000. Halikuwa gari la matajiri. Lilikuwa la makarani, walimu na vijana waliopata mshahara wa kwanza. Vijana wale wakazeeka, watoto wakaondoka nyumbani, pesa ikapatikana kidogo, wakaanza kutafuta lile gari walilolitamani wakiwa na miaka kumi na minane. Anayelinunua leo anatafuta ujana wake, na ndiyo maana habishani sana na bei.

Liko gari moja la aina hiyo ambalo hadithi yake inafaa ukurasa huu wa familia. Mustang ya kijani iliyoendeshwa na mwigizaji Steve McQueen katika filamu ya Bullitt ya mwaka 1968 ilinunuliwa mwaka 1974 na baba mmoja wa New Jersey, Robert Kiernan, kwa dola 6,000. Mkewe alikuwa mwalimu, akawa anaendea nalo kazini. McQueen mwenyewe alimwandikia barua mwaka 1977 akitaka kulirudisha, hakuuziwa. Mwaka 1980 gari likapata hitilafu ya klachi, likaegeshwa. Likakaa miaka na miaka. Robert alifariki mwaka 2014, mwanawe akalifufua, na Januari 2020 likauzwa mnadani Florida kwa dola milioni 3.4, bila kuhesabu ada za mnada.

Nilimsimulia mama mkubwa habari hiyo. Akacheka hadi akashika ubavu. "Basi niletee huyo McQueen apande humo akae na kuku, tuuze."

Magari hayo ya Marekani kwetu ni nadra. Usukani uko kushoto, spea hazipatikani, na mafuta yanakunywa kama ng'ombe wa kiangazi. Hata hivyo Afrika Mashariki imeshayaonja. Mwaka 1964, katika mashindano ya Safari yaliyoanza mwaka 1953 na kupita nchi zetu tatu, Wamarekani walileta magari ya Mercury Comet yenye injini za silinda nane. Matope na mashimo yakayala mengi njiani, na ushindi ukachukuliwa na Ford Cortina ndogo ya Uingereza iliyoendeshwa na Peter Hughes. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 2009, katika mashindano ya magari ya zamani yanayoitwa Safari Classic, ndipo Mkenya Ian Duncan akashinda akiwa na Ford Mustang. Kwa hiyo nguvu peke yake haikutosha. Ilihitaji mtu anayezijua barabara zetu.

Upande wetu, gari lililochukua nafasi ile ya Mustang moyoni mwa watu si la mbio. Ni hili la mabati ya alumini. Kwa mtu aliyekulia Usukumani, Land Rover ilikuwa bwana shamba aliyekuja kukagua pamba, mganga wa misheni, polisi, padri, mkuu wa wilaya. Ukisikia mlio wake kutoka mbali ulijua leo kuna jambo. Oktoba 2024 wenye magari haya walikusanyika Arusha kwa mamia katika tamasha lao, wakiwa na nia ya kuvunja rekodi ya dunia ya msafara wa Land Rover iliyokuwa ikishikiliwa na Ujerumani. Waliokwenda pale hawakuwa Wazungu peke yao. Walikuwemo waongoza watalii, wafanyabiashara na watoto wa mabwana shamba.

Kuna na sababu ya kibiashara. Kiwanda cha Solihull, Uingereza, kilitoa gari la mwisho la ukoo huu wa zamani Januari 2016. Kinachoisha kutengenezwa huanza kupanda bei. Tena sheria ya Marekani inaruhusu kuingiza gari lililotimiza miaka 25 bila kudaiwa viwango vya usalama vya magari mapya, kwa hiyo wanunuzi wa huko wanatazama hata viambaza vya Afrika. Mkusanyaji haangalii kung'aa. Anaangalia kama namba ya chasisi na namba ya injini zinalingana na kadi, kama viti na dashibodi ni vya asili, kama hakuna fundi mjuaji aliyeweka injini ya gari la Kijapani. Fundi wetu alitoka chini ya gari akiwa na udongo mgongoni na tabasamu. Namba zote zilikuwa zinasomeka, na zote zilikuwa za kadi. "Msikubali saba," alisema.

Aliyezaliwa humo na aliyezalia humo

Baba mkubwa aliipata mnadani, katika miaka ya 1980, ofisi moja ya umma ilipouza magari yake chakavu. Hakuwa tajiri. Aliuza ng'ombe, akakopa kwa shemeji zake, na kwa mwaka mzima watu walimcheka kuwa amenunua kelele. Baadaye hawakucheka. Gari lile lilibeba pamba, maharusi, kwaya ya kanisa, majeneza, na wagonjwa wa usiku kwenda hospitali ya misheni Sengerema. Betri ilipokufa alitumia hendeli: mtu mmoja anasimama mbele, anaichomeka chini ya grili, anazungusha kwa nguvu zote huku watoto wakihesabu. Nami niliwahi kuizungusha, ikanirudishia kipigo cha kifundo cha mkono ambacho bado nakikumbuka baridi ikizidi.

Kaka yetu wa Dar es Salaam alizaliwa humo. Mvua kubwa, barabara imekatika, gari limezama matope njiani. Ndiyo maana anasema haliuzwi. Nilimpigia simu nikiwa palepale chini ya mwembe, nikaweka sauti kubwa ili mama asikie. Akaeleza kwa uchungu: hilo ndilo kumbukumbu pekee ya mzee, atatuma pesa litengenezwe, wajukuu wapande waone. Nikamuuliza lini. Akasema mambo yakikaa vizuri.

Mama mkubwa akaomba simu.

"Mwanangu," alisema, "unasema umezaliwa humo. Ni kweli. Lakini mimi ndiye niliyekuzalia humo, na wewe hukumbuki chochote, mimi nakumbuka. Nakumbuka ule ubao wa kukalia ulivyokuwa unaniumiza. Baba yako nilimpenda, na kumbukumbu yake sihitaji kuiendea chini ya mwembe. Ila bati la jikoni linavuja, na mguu huu kila mwezi unanivusha ziwa kwenda kwa daktari. Ninyi mkija mara moja kwa mwaka mnapiga picha na gari. Mimi nakaa nalo. Nyoka aliyetoka humo mwezi wa nne nilimuua mimi."

Upande wa pili kukawa kimya. Nilisikia honi za mjini zikipita nyuma ya simu. Kisha kaka akasema, kwa sauti ya mtoto, "Sawa mama. Nisamehe."

Nilijifunza kitu hapo, na nakisema kwa kuwa najua si familia yetu peke yake. Sisi tulio mbali ndio huwa wakali wa kulinda vitu vya wazee. Tunavipenda kwa sababu havitugharimu. Tunasahau kuuliza anayeamka navyo kila siku. Katika vikao vyetu vitatu vya simu kuhusu lile gari, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza mjane anataka nini. Hata mimi sikumuuliza.

Kabla ya kuuza

Hata tulipokubaliana, kazi haikuisha. Kadi ya gari ina jina la marehemu, na marehemu hawezi kusaini mkataba. Familia nyingi hujikwaa hapa: mmoja anauza kienyeji, anachukua pesa, mnunuzi anashindwa kubadilisha umiliki TRA, kesi inaanza, ndugu hawasalimiani. Tulichofanya ni kuitisha kikao cha ukoo, tukaandika muhtasari, wote tukasaini, tukampendekeza binti wa pili wa marehemu, anayeishi Sengerema, awe msimamizi wa mirathi. Amepeleka maombi Mahakama ya Mwanzo akiwa na cheti cha kifo na muhtasari ule. Mahakama inatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, ndipo inamteua. Akishapata uteuzi ndiye mwenye mamlaka ya kuuza kwa niaba ya warithi wote, na atatakiwa kurudi mahakamani kueleza mali alizozikusanya na jinsi zilivyogawanywa. Msimamizi si mmiliki. Tulilisema hilo mbele ya kila mtu na tukaliandika.

Mnunuzi wa Arusha alikuja wiki iliyofuata, nikavuka naye. Kwenye kivuko alisimama mbele kabisa, upepo unampiga, akaniambia baba yake alikuwa dereva wa Land Rover ya serikali maisha yake yote na hakuwahi kumiliki hata baiskeli yake mwenyewe. Anazo mbili tayari. Hii itakuwa ya tatu. Nikaelewa kwamba hata yeye hanunui chuma.

Alikagua kwa saa mbili. Alipoambiwa kwamba karatasi zitachukua miezi kadhaa hakukasirika. Alisema gari lililosubiri miaka kumi linaweza kusubiri mahakama. Bei ilipanda hadi milioni kumi na moja, tukaandikiana makubaliano ya awali bila kupokea hata shilingi. Halafu akauliza, "Hendeli yake iko wapi? Ya asili inatafutwa sana."

Tukaangaliana. Hakuna aliyejua. Mama mkubwa akainuka taratibu, akaenda kwenye banda la mbuzi, akaichomoa mlangoni. Kumbe ndiyo komeo lake la miaka yote. Mnunuzi akaipokea kwa mikono miwili, akaipangusa kwa kitambaa.

"Nitakupa," mama akasema, "lakini siku utakapokuja kuchukua gari uje na komeo. La chuma. Na usilete la Kichina."

Akakubali. Hendeli ikarudi mlangoni mwa mbuzi mpaka siku hiyo. Tuliwahi kivuko cha jioni. Nilipogeuka kutazama nyuma, Kamanga ilikuwa imebaki taa chache na moshi wa majiko, na mwembe haukuonekana tena. Kaka yangu alikuwa ametuma ujumbe kwenye simu. Anakuja mwisho wa mwezi, na wanawe watatu, kabla gari halijaondoka. Ameuliza kama mguu wa mama unaweza kumsubiri hadi hapo, ampeleke kwa daktari yeye mwenyewe.